Mnara wa Siloamu na mteremko wa Funu

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wengi wakiwa ibadani, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga kusini mwa Ziwa Kivu. Ng'ambo ya Rwanda, wilayani Rusizi, kanisa liliporomoka juu ya waumini. Upande wa Kongo nyumba zilipasuka na kuanguka mjini Bukavu na katika vijiji vya Kabare. Siku zilizofuata, matangani, sentensi ilikuwa moja: ni mapenzi ya Mungu.

Sentensi hiyo hutuliza, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya mfiwa kinachomtuliza. Lakini inapotamkwa na mtu aliyeuza kiwanja, inafaa kusikilizwa kwa sikio jingine.

Swali lenyewe si la Kivu peke yake. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon ilibomoka kwa tetemeko makanisa yakiwa yamejaa. Mwanafalsafa Voltaire aliandika shairi la kuwapinga waliodai kwamba kila kitokeacho ni chema. Rousseau alimjibu kwa barua mwezi wa Agosti 1756, na hoja yake ilikuwa ya mpimaji wa viwanja kuliko ya mwanateolojia: maumbile hayakurundika pale maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba. Watu wangetawanyika na kuishi katika nyumba nyepesi, hasara ingepungua. Kwa maneno mengine, kabla ya kumuuliza Mungu kwa nini, muulize aliyepanga mji.

Sasa mchukue baba kijana anayeishi Lwiro, kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Bukavu, jirani na kituo cha utafiti walichokianzisha Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, ambacho leo ni CRSN. Pale ardhi yenyewe, pamoja na mitetemo yake, ni somo la wanasayansi tangu enzi za ukoloni. Amepata kazi mjini. Ana mke, watoto wawili wadogo, na mfuko usioruhusu mzaha. Ahamie wapi?

Kingo za ziwa katika komini ya Ibanda, Muhumba au Nguba, azisahau. Huko hukaa mashirika na wenye dola. Bagira ina mitaa iliyonyooka, kwani Wabelgiji waliijenga kwa mpango kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, lakini iko mbali kidogo na katikati ya mji. Panzi ina hospitali aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, lakini mtaa wenyewe umejaa watu. Inabaki komini ya Kadutu: soko liko karibu, kazi inafikika kwa miguu, kodi inabebeka. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, anampeleka kuona vyumba viwili. Mwenye nyumba anataja garanti, yaani pesa za dhamana. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, ingawa si wenye nyumba wote wanaoikumbuka. Ukutani kuna ufa ulioanzia chini ya dirisha. Umezibwa kwa saruji mpya.

Ufa huo una historia. Sehemu ya Kadutu imekalia poromoko kubwa la Funu, eneo linalozidi kilomita moja ya mraba, ambalo linateremka polepole mwaka hadi mwaka. Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti uliolinganisha picha za miongo mingi na kuonyesha kwamba mwendo wa poromoko umeongezeka kadiri mji ulivyolipanda. Miti imeondoka, mabati na njia vinabadilisha mkondo wa mvua, mabomba yanavuja, maji yanaingia ardhini. Waliokwenda huko kwa kukosa pa kwenda wanauharakisha mlima kwa kupika, kufua na kuezeka tu.

Hapa Rousseau anapungukiwa. Alizungumza kana kwamba wakazi wa Lisbon walikaa wakachagua. Mama anayeuza ndizi katika soko la Nyamugo hawezi kutawanyika. Nauli ya kila siku kutoka Kavumu, nje ya mji, ingekula mtaji wake kabla ya Ijumaa. Na hata Kavumu, kwenye ardhi tambarare ya uwanja wa ndege, usalama haukuja pamoja na utambarare. Kati ya 2013 na 2016 watoto wadogo wa kike waliibiwa usiku vitandani mwao na kubakwa, mpaka Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilipowahukumu wanaume 11, mmoja wao mbunge wa jimbo. Februari 2025 uwanja huo huo ulitekwa na waasi wa M23, na siku mbili baadaye Bukavu nayo. Kwa hiyo mzazi wa Kivu hapimi hatari dhidi ya usalama. Anapima hatari moja dhidi ya nyingine, akiwa na pesa za wiki tatu.

Je, akihamia kwenye ufa, anamjaribu Mungu? Wahubiri wengine wangesema ndiyo, kwa kukumbuka Yesu alivyokataa kujirusha kutoka kinara cha hekalu. Waislamu wa mjini nao wana hadithi ya Mtume inayomtaka mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Mafundisho yote mawili ni mazuri kwa mwenye kamba. Ila aliyejirusha na aliyesukumwa hawana kosa moja.

Injili ya Luka, sura ya 13, inalo tukio linalolingana zaidi na Kadutu. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, na Yesu akakataa katakata kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Waliokufa hawakudaiwa chochote. Mei 2023, mafuriko yalipofagia Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe na kuua zaidi ya watu 400, siku ya soko huko Nyamukubi, fundisho hilo lilistahili kusomwa kwa sauti kabla mtu hajaanza kutafuta dhambi za wafu.

Anayedaiwa ni nani basi? Kumbukumbu la Torati 22:8 linajibu kwa ukavu wa karani wa manispaa: ajengaye nyumba mpya aweke ukuta wa kisitiri darini, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Hilo ni agizo la ujenzi, na limewekwa ndani ya sheria takatifu bila kuomba radhi. Hatia inamfuata aliyejenga, si aliyeteleza. Ukilisoma Bukavu, linamgusa mwenye nyumba aliyeziba ufa kwa saruji kabla ya mpangaji kufika, aliyekata parseli juu ya poromoko, na ofisi iliyotia mhuri. Mpangaji yumo mwishoni kabisa mwa foleni.

Parokia za Bukavu zina nafasi ambayo hazijaitumia vya kutosha. Mkristo akimaliza nyumba humwita padri aje aibariki. Padri hufika na maji ya baraka, hupita chumba kwa chumba, na huona kuta zote. Angeweza, kabla ya kufungua kitabu cha sala, kumwomba mwenye nyumba amwonyeshe maji ya bati yanaelekea wapi, na nani anaishi upande wa chini.