Jembe la Mgeni

Je, mtu aendaye nchi ya mbali kwa kazi ya miguu yake ana wajibu wa kujifunza lugha ya nchi hiyo? Swali hili laweza kuonekana dogo. Mchezaji wa mpira haajiriwi kwa ufasaha wa ulimi, wala mkimbiaji hashindi kwa kunena. Tena ziko nchi ambako mgeni aweza kukaa miaka kumi bila kulazimika kujua neno moja la wenyeji, kwa kuwa wenyeji wenyewe humfuata kwa lugha aijuayo. Uswidi ni mojawapo, nayo nitaitwaa kuwa mfano, kwa sababu vijana wetu wamekwenda huko kucheza. McDonald Mariga alipitia Enköping na Helsingborg kabla ya kufika Italia. Michael Olunga aliichezea Djurgården, katika mji wa Stockholm, mwaka 2016. (Msomaji asiichanganye Uswidi na Uswisi. Ya kwanza iko kaskazini ya Ulaya, penye misitu na theluji; ya pili ni nchi ya milima iliyo katikati.)

Kiswidi si lugha ya kutisha kwa mtu aliyelelewa katika Kiswahili. Majina yake yamegawanyika katika makundi mawili tu, na sisi tuliozoea ngeli nyingi hatuna haki ya kulalamika. Neno likishajulikana baina ya wasemaji, hutiwa kiungo mwishoni: mpira ni boll, na mpira ule tunaoujua ni bollen, nyumba ni hus, na nyumba ile ni huset. Kilicho kigumu ni wimbo wa sauti, maana neno anden laweza kuwa bata au roho, kwa jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Lakini ugumu mkubwa kuliko huo haumo katika lugha. Umo katika wema wa watu. Waswidi ni kama milioni kumi tu, nao husoma Kiingereza tangu utoto. Mgeni akifungua kinywa dukani na kukosea sauti moja, muuzaji humwonea huruma na kumjibu kwa Kiingereza safi. Afanya hivyo kwa ukarimu, na kwa ukarimu huo amfungia mgeni mlango.

Basi mgeni hujiambia: "Kwa nini nijitaabishe? Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja au miwili. Mwakani huenda nikawa nchi nyingine." Asemaye hivyo hana upungufu wa akili. Olunga huyo tuliyemtaja alikuwa Uchina mwaka 2017, msimu mmoja tu baada ya kufika Stockholm. Ikiwa kila nchi itadai lugha yake, mwanamichezo atakuwa mwanafunzi maisha yake yote, na mpira atacheza lini?

Hoja hii ni nzito, nami sipendi kuipita mbio. Lakini hebu tuulize ni kitu gani kilichonunuliwa katika mkataba ule. Ni miguu. Mwenye timu alinunua miguu, na watazamaji hushangilia miguu. Maadamu miguu ni mizima, mgeni huketi mezani na kupigwa begani, na jina lake huimbwa. Siku goti lipasukapo, yeye hubaki chumbani miezi sita au tisa, na sasa hana cha kuwapa wenyeji ila nafsi yake. Je, watu wale waijua nafsi yake? Wajua kama ni mcheshi au mkali, kama ana mama mgonjwa, kama ana maoni yoyote juu ya jambo lolote? Katika chumba cha kuvalia walizungumza naye Kiingereza kidogo cha kazi, kisha wakageukiana na kuendelea kuchekeana kwa lugha yao. Hawakumchukia. Hawakupata njia ya kumfikia tu.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hudhani methali hiyo yamkemea mgeni mvivu. Mimi naona yamheshimu vilevile, kwani mtu aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mmoja wa watu wa shamba. Aweza kusifiwa, aweza pia kukaripiwa. Katika Uswidi jembe ni lugha, na hakuna atakayekupa usipoliomba. Mgeni hana budi kusema kwa upole, tena na tena, "Tafadhali, nijibu kwa Kiswidi," hata kama anayejibiwa ameelewa nusu tu.

Mfano bora niujuao si wa mtu wa kwetu. Mwaka 2004 msichana wa miaka 18 aitwaye Marta alitoka Brazili, nchi ya joto, akaenda kuichezea timu ya Umeå. Alizaliwa Dois Riachos, mji mdogo katika jimbo la Alagoas. Umeå iko mbali kaskazini. Mwezi wa Desemba mchana wake haufiki saa tano. Watu wa upande ule wana desturi ya kusema "ndiyo" kwa kuvuta pumzi ndani, hata mgeni hudhani mwenzake ameshtuka. Marta alikuwa na kila sababu ya kujifungia ndani na kungoja mkataba uishe, maana miguu yake ilitosha kumtetea: alichaguliwa mchezaji bora wa dunia mara tano mfululizo, tangu 2006 hata 2010. Hata hivyo alijifunza Kiswidi, akawa anawajibu waandishi wa habari kwa lugha hiyo. Mwaka 2017 alipokea uraia wa Uswidi.

Hapa msomaji aweza kunikatiza kwa methali nyingine: mkataa kwao ni mtumwa. Je, ajifunzaye hivyo lugha ya watu hauzi kwao? Tazama mwaka 2016. Katika michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, Brazili ilikutana na Uswidi mara mbili. Mara ya kwanza Brazili ilishinda mabao 5 kwa 1, na Marta alifunga mawili. Mara ya pili, katika nusu fainali, Waswidi walishinda kwa mikwaju ya penalti. Siku zile Marta alikuwa akiichezea timu ya Malmö, na walio mbele yake walikuwa watu ambao lugha yao aliijua. Hakuwahurumia alipofunga, wala hawakumhurumia walipomshinda. Ulimi wa pili haukumwondolea jezi ya kwanza.

Liko jambo jingine ambalo lugha pekee hufundisha, nalo ni adabu. Kijana wa kwetu akifika Uswidi hushtuka kusikia mwalimu wa timu mwenye mvi akiitwa kwa jina lake la kwanza, na kila mtu akiitwa du, yaani "wewe." Desturi hii ilienea katika miaka ya 1960, Waswidi walipoziacha tabaka za vyeo katika maongezi. Asiyejua lugha hukata shauri upesi kwamba watu hawa hawana heshima. Ajuaye huona heshima imehamia mahali pengine. Imo katika neno tack, asante, wanalolitumia hata pale ambapo sisi tungesema tafadhali. Hushukuru baada ya chakula. Wakikutana tena baada ya karamu, hushukuru kwa mara iliyopita. Na heshima imo pia katika kufika kwa saa iliyosemwa, na katika kungoja zamu. Mtu aliyeishi miaka mitatu bila kuyaona hayo amekaa Uswidi bila kuifika.

Tangu 1965 serikali ya nchi ile imelipia masomo ya Kiswidi kwa wageni, na leo mji wamdai aliyeandikishwa kuwa mkazi si kitu ila kuhudhuria. Fikiri basi, wewe usomaye, kwamba ndiwe mchezaji yule. Jumapili watu elfu nyingi wamelitaja jina lako. Jumatatu waketi katika dawati kati ya mwoka mikate kutoka Syria na mama wa Kisomali asafishaye maofisi, na wote wawili wakupita kwa matamshi. Mwalimu akusahihisha mbele yao. Kwa mtu aliyezoea kushangiliwa, saa hiyo ni ndefu kuliko mazoezi ya theluji.

Jioni warudi nyumbani, washuka chini ya jengo penye mashine za kufulia, ambako kila mpangaji hujiandikia saa yake. Umepitisha saa yako kwa dakika 10. Jirani mzee asimama mlangoni na kapu lake. Aanza kukulaumu kwa Kiingereza, taratibu, kama asemaye na mtoto. Wewe wamwomba radhi kwa Kiswidi. Anyamaza kidogo, akutazama, kisha aendelea kukulaumu, safari hii kwa lugha yake mwenyewe, upesi mno, na kwa hasira zake zote.