Mapumziko Yanayochosha

Muulize mfanyakazi wa Dar es Salaam Jumatatu asubuhi kama amepumzika, uone atakavyocheka. Jumamosi alfajiri alikuwa sokoni, saa nne yupo na fundi bomba chini ya sinki, mchana msibani, jioni kikao cha harusi. Jumapili baada ya ibada wageni wakajaa sebuleni na pilau bado haijaiva. Amerudi kazini hoi kuliko alivyotoka Ijumaa. Lakini mshauri wikiendi ijayo ajifungie ndani alale, asipokee simu wala mgeni. Atadhani humtakii mema. Uchovu huu anautaka. Kwa nini?

Jibu halimo kwenye sheria, kwa kuwa sheria hupima mapumziko kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na kumpa mfanyakazi angalau saa 24 za kupumzika. Wenye viwanda nao wana hesabu yao. Henry Ford alipoweka wiki ya siku tano katika viwanda vyake mwaka 1926, hakuficha kwamba mtu mwenye nafasi hununua zaidi. Mmoja anahesabu saa, mwingine anahesabu mauzo, na hakuna anayetuambia nafasi hiyo ni ya nini.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake The Human Condition cha mwaka 1958, aligawa shughuli za binadamu mafungu matatu. Kuna kazi ya kuutunza uhai, kama kupika na kufagia, ambayo matunda yake hutumika yakaisha na kesho inaanza upya. Kuna kutengeneza vitu vinavyodumu: meza, ukuta, nyumba. Tena kuna kutenda na kusema mbele ya wenzetu, ambako mtu hujulikana yeye ni nani. Wikiendi ya mjini imebeba mafungu yote matatu: sufuria, debe la rangi, na kikao. Katika kikao cha harusi, karani anayeagizwa wiki nzima anageuka mhazini wa kamati. Watu wanamkabidhi michango yao na kusubiri kauli yake. Ofisini ni cheo, hapa ni mtu.

Hata hivyo, mafungu hayo nyumbani hayakai mbalimbali. Ukuta wa sebule unaweza kubabuka miaka mingi na mwenye nyumba akaupita kila siku bila kuuona. Siku wakwe wakipiga simu kwamba wanakuja Jumapili, ndipo msasa na brashi vinapatikana, taa ya barazani iliyoungua inabadilishwa, na mlango unaolia unatiwa mafuta. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuifikiria minofu atakayokula mwenyeji kwa kisingizio cha mgeni, lakini nyumba yenyewe nayo hupona.

Pilau vilevile. Vitunguu vinakaangwa taratibu mpaka viwe vya kahawia kwa sababu kuna mtu wa kuvila. Kwa kipimo cha Arendt, chakula ndicho kinachotoweka upesi kuliko vyote. Lakini shemeji wawili waliokuwa hawasemezani wakinawa kwenye beseni moja na kula sinia moja, kinachobaki baada ya hapo kinaweza kudumu kuliko rangi ya ukutani. Maana ya shughuli hizi zote, basi, haimo ndani ya shughuli zenyewe. Imo kwa yule zinayemngojea, na ndiyo maana uchovu wa kuzifanya haufanani na ule wa ofisini.

Hapo ndipo penye deni. Arendt mwenyewe alieleza kwamba raia wa Ugiriki ya kale walipata nafasi ya kujadiliana hadharani kwa sababu wanawake na watumwa walibeba kazi za nyumbani. Jumapili zetu zimeurithi mpango huo bila aibu. Barazani kuna hoja na vicheko. Jikoni mama na dada wa kazi wamesimama tangu asubuhi, na mazungumzo yanawafikia vipande vipande kupitia dirishani. Wameandaa mkutano wasiokaa ndani yake. Na yule dada wa kazi ni mwajiriwa kama mwingine yeyote. Zile saa 24 za sheria ni zake pia.

Furaha ya kupokea watu haiwezi kuwa ya kweli ikiwa kuna mmoja ambaye hakupokewa. Wahenga hao hao walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Kwa wikiendi ya siku mbili, ya tatu haifiki kamwe. Kwa hiyo ukialikwa Jumapili hii, usingoje kukabidhiwa: ingia jikoni, chukua kisu, menya vitunguu, umwambie mwenyeji wako akae.