Haki ya Mnyama Afugwaye Nyumbani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, visemavyo na visivyosema. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu, wengi katika sisi huombwa na watoto wao wawaletee paka, au ndege wa kutia tunduni. Na baadhi ya vijana wetu wa mijini wapenda kufuga mbwa kwa kuwa wamemwona fulani anaye. Basi mtu huenda akanunua, akarudi nyumbani na furaha, wala hakujiuliza: ni nani atakayemlisha na kumnywesha mnyama huyu siku ambayo mimi sipo? Suala hilo ndilo la kwanza, kabla ya kuuliza rangi yake na bei yake.

Nyote mwaijua khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Mtume s.a.w. ametueleza kwamba alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Zingatieni sana: hakulaumiwa kwa kufuga, amelaumiwa kwa kufunga bila ya kulisha. Paka aliye huru hula panya, na huokota vichwa vya samaki kwa wavuvi, na riziki yake iko kwa Mola wake. Lakini siku ile umfungiapo mlango, riziki ile umejitwika wewe shingoni mwako. Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wameeleza wazi kwamba ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumpa chakula na maji, na akikataa, hakimu atamlazimisha amlishe au amuuze, au amchinje akiwa ni katika wanyama waliwao.

Nami nasema haya hali nina deni langu. Nilipokuwa mtoto wa chuoni nalikuwa na chiriku, nimemtia katika tundu la njukuti lililotundikwa ukumbini, na kila alfajiri akilia kwa sauti nzuri. Ikaingia Ramadhani. Nyumba nzima imefunga, mchana hapana apitaye na kata ya maji. Mimi nikaenda kufuturu kwa nyanya yangu, nikalala huko siku mbili, na kila mtu wa nyumbani alidhani kwamba mwenziwe amemtilia maji. Niliporudi nalimkuta amelala chini ya tundu na kikombe chake kikavu. Sisi tulikuwa na kiu, lakini tulikuwa tukiingoja magharibi. Yeye hakuwa na magharibi ya kuingoja. Marehemu baba yangu hakunipiga wala hakunikaripia. Alinambia nikamzike, kisha akalitungua lile tundu akalivunja kwa mikono yake. Zamani zile nalidhani amenikasirikia mimi. Baadaye niliposoma kwamba kalamu imeondolewa juu ya mtoto mpaka abaleghe, nikafahamu ni nani aliyekuwa akimkasirikia: ni yeye ndiye aliyeninunulia.

Msinifahamu kwamba nakataza ndege. Ndugu yake Anas bin Malik, mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr, alikuwa na kindege akichezea, na Mtume s.a.w. hakumkataza, na kindege kilipokufa alimwuliza khabari zake kwa upole ili kumliwaza. Mwanachuoni mmoja wa Kishafii, Ibn al-Qass, alitunga risala nzima juu ya hadithi hii fupi, akatoa ndani yake faida sitini. Katika yale yaliyochukuliwa na wanavyuoni ni kwamba yafaa kumweka ndege tunduni, kwa sharti asiteswe na apewe haki yake.

Lakini kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu nina neno naye. Huyu hutoka katika misitu ya Kongo na nchi za Afrika ya Magharibi, hunaswa kwa ulimbo na nyavu, na wengi hufa njiani kabla ya kufika kwa mnunuzi. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na tangu mwaka 2017 biashara ya kuwapeleka nchi za nje wale walionaswa mwituni imekatazwa. Anayekuuzia kwa siri amekuuzia haramu ya serikali na dhuluma ya kiumbe pamoja. Tena kasuku huyu huweza kuishi miaka arubaini na zaidi. Mzee wa miaka sitini amnunuliapo mjukuu wake, amrithisha nani kazi hiyo?

Ama mbwa, hukumu yake yajulikana. Mwenye kumfuga bila ya haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, illa awe wa kuwinda, au wa kulinda mifugo, au wa shamba. Na Imam Nawawi ameona kuwa wa kulinda nyumba aingia kwa kiasi cha hao. Basi mwenye shamba na wezi wa nazi ana ruhusa. Na amweke nje, ampe chombo chake mbali, na amchanje kila mwaka, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishadhihiri kwa mtu ni nadra mno kupona. Ama kumfuga ili watu wa mtaa wakuone, hiyo si haja. Lakini ndugu zangu, najisi ya mbwa si ruhusa ya kumpiga mawe. Twawaona watoto wetu wakitoka chuoni na juzuu kwapani, wakimfukuza mbwa kwa vigae, na wazee barazani wacheka. Je, wamesahau yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa khofu yake ya ngozi, akasamehewa dhambi zake?

Paka ndiye aliye karibu zaidi na nyumba zetu. Abu Qatada alikuwa akiwekewa maji ya udhu na Kabsha, mke wa mwanawe. Akaja paka kutaka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akamtazama kwa kustaajabu, naye akamweleza kwamba Mtume s.a.w. amesema paka si najisi, kwani ni katika wale wenye kutuzungukia majumbani. Basi mwenye kutaka mnyama wa nyumbani na aanze na paka. Lakini paka jike atazaa, na wale wanaowatia watoto wa paka katika kikapu wakawatupa sokoni usiku, hawafai kufuga hata kuku.

Mimi nyumbani kwangu sina tundu. Wajukuu wangu hutia maji katika kigae juu ya sakafu, pamoja na mtama kidogo, na jua likipunga shomoro na njiwa huja wakanywa wakaenda zao. Na mwezi wa Ramadhani kazi hiyo hupewa yule mdogo wao asiyefunga.