Siku Nne za Mgomo, Miaka Kumi ya Kununiana

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, nyumbani kwetu Kanazi, wilayani Ngara, chai ilipoa mezani bila mtu kuigusa. Ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa imeanguka Ziwa Victoria asubuhi ile, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Sisi wa Ngara tuko mbali na ziwa, lakini Bukoba ndiyo makao makuu ya mkoa wetu, na kila mmoja alikuwa akijaribu kukumbuka ni nani amesafiri. Baadaye tulijua kwamba waliofariki ni 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao, na kwamba wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao.

Katikati ya taarifa hizo mtangazaji aligusia habari nyingine ya ndege. Nairobi, marubani wa Kenya Airways walikuwa wamegoma tangu Jumamosi na maelfu ya abiria walikuwa wamekwama. Baba, mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 20, aliinua kichwa. Nilidhani atasema kwamba wengine wamekufa kazini na wengine wanaikataa kazi. Hakusema hivyo. Aliuliza swali moja tu:

“Na waliokubali kurusha ni akina nani?”

Mama aliangalia pembeni. Sote tulijua kwamba hakuwa anauliza habari za Nairobi.

Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012, walimu wa shule za serikali walianza mgomo ulioitishwa na Chama cha Walimu Tanzania. Madai yao yalikuwa ya asilimia: nyongeza ya mshahara asilimia 100, posho ya kufundishia asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa walimu wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Alhamisi ya tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilisema mgomo si halali kwa kuwa taratibu hazikufuatwa, ikaamuru walimu warudi darasani. Ukihesabu, ni siku nne.

Nilikuwa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa Septemba. Jumatatu walimu wetu walikuja shuleni kama kawaida, wakakaa chini ya mti, wakanyamaza. Baba alikuwa miongoni mwao, maana alifundisha shule ileile. Jumanne asubuhi Mwalimu wa Hesabu aliinuka kutoka pale mtini, akatembea peke yake hadi darasani kwetu, akafunga mlango. “Toeni madaftari,” alisema kwa sauti ya chini. Akatufundisha faida na hasara kwa asilimia. Kwa siku tatu alifundisha kwa sauti ileile ya chini, kama mtu anayehofia kumwamsha mtoto.

Dawati langu lilikuwa dirishani. Nilipoinua macho kutoka kwenye daftari nilimwona baba chini ya mti, naye aliniona. Aliniona nikiandika.

Mshahara haukupanda kwa asilimia 100. Wiki iliyofuata walimu walipochangisha fedha ya chai ya ofisini, mchango wa Mwalimu wa Hesabu ulirudishwa mezani mbele yake. Kuanzia hapo alikuja na chupa yake. Salamu zilibaki zile za kazi tu. Mwaka 2015 mume wake alipofariki, baba alinipa bahasha ya rambirambi nipeleke. Yeye hakwenda. Anayejua maisha ya vijijini kwetu anaelewa uzito wa jambo hilo. Mtu unaweza kugombana naye kwa mpaka wa shamba, hata kwa ng’ombe, lakini kwenye msiba wake unafika.

Kwa miaka mingi niliona aibu kwa niaba ya baba. Mwalimu yule alinifundisha nikafaulu, kwa hiyo nilidhani jibu ni rahisi: yeye alikuwa mwema, na baba ni mtu wa kinyongo. Nilipoanza kazi na kuona makato kwenye karatasi yangu ya mshahara, jibu lile halikunitosha tena.

Hebu tumtetee baba kwanza. Mgomo ni ahadi ya pamoja kati ya watu ambao, kila mmoja peke yake, hawana nguvu. Mwalimu mmoja akikataa kuingia darasani huyo ni mtoro. Wakikataa wote, huo ni mgomo. Maana yake ni kwamba kila anayekaa chini ya mti ameweka mshahara wake, kibarua chake na jina lake mikononi mwa aliyeketi kando yake. Anayeinuka anaondoka na sehemu ya ulinzi wa wenzake. Na kama mshahara ungepanda, ungepanda kwa wote, pamoja na aliyeingia darasani. Angekula matunda ya mti aliokataa kuumwagilia. Baba hakukasirishwa na hesabu za asilimia. Alikasirika kwa sababu alikuwa ameachwa mahali ambapo waliahidiana kutoachana.

Marubani wanalijua jambo hili kuliko watu wengi. Nchini Marekani, marubani wa shirika la United waligoma tarehe 17 Mei 1985 kupinga mpango wa kuwalipa wageni kazini kwa kiwango cha chini kuliko wenyeji. Mgomo ulichukua siku 29. Wapo waliorusha ndege siku hizo, na majina yao yakaandikwa kwenye orodha zilizopita mkono kwa mkono. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wenzao wa Continental, waliogoma kuanzia Oktoba 1983 hadi Oktoba 1985. Miaka mingi baadaye, rubani aliyetaka kusafiri kwenye kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani aliweza kukataliwa na nahodha aliyelikuta jina lake kwenye orodha. Mwaka 2010 mashirika hayo mawili yalipoungana, vinyongo vya pande zote mbili vilijikuta chini ya mwajiri mmoja.

Hapo ndipo kinyongo cha baba kinaponitisha. Chumba cha marubani kina watu wawili, na kazi yao inategemea kuambiana. Msaidizi akiona kosa lazima aseme, na nahodha lazima asikie. Wapo waliokaa saa nyingi bega kwa bega na mtu wa ile orodha bila kutamka neno lisilo la kazi. Kazi ilifanyika, ndege zilitua. Lakini sisi tuliokaa nyuma na mikanda yetu tungependa wawili wale waweze kuambiana zaidi ya yale yaliyoandikwa. Ofisi ya walimu haina mabawa, ila nayo ina abiria. Mtoto anayesinzia kwa Mwalimu wa Hesabu asubuhi ndiye anayesinzia kwa baba mchana. Walimu wawili wasiozungumza hawawezi kugundua kwamba mtoto huyo halali nyumbani kwao.

Desemba ya mwaka ule wa 2022 nilikwenda kumsalimia Mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa kutuchagua sisi wanafunzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

“Mwanangu, watu wanaonipenda husema niliingia kwa ajili yenu. Ningependa iwe hivyo. Niliogopa tu. Nilikuwa sijathibitishwa kazini.”

Nikamuuliza kama ni kweli alinyoosha mkono kwenye kikao cha kukubali mgomo, kama baba anavyosema.

“Baba yako hasemi uongo. Nilinyoosha. Wote walikuwa wamenyoosha, mimi ni mgeni, wananitazama.” Alinyamaza kidogo. “Kosa nililifanya. Kama wangeniambia nilipe, ningelipa. Hakuna aliyeniambia ni kiasi gani.”

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na sentensi hiyo ya mwisho.

Karibu kila kijiji chetu kina chama cha kuzikana. Ukifiwa, wanachama wanakuja na kuni, maji, unga na fedha. Asiyekuja bila sababu anatozwa faini. Kiasi kinajulikana, na mahali pa kukilipa panajulikana: mbele ya kikao, watu wakiwepo. Akishalipa amerudi. Wanaweza kumtania kidogo, lakini zamu yake ya kuchota maji inabaki palepale. Wazee waliotunga utaratibu huo hawakuwa wapole kuliko vyama vyetu vya wafanyakazi. Walijua tu kwamba katika maisha marefu ya watu wanaoishi pamoja kila mmoja atashindwa siku moja, na kwamba deni lenye kiasi linaweza kuisha. Kinyongo hakina kiasi. Ndiyo maana siku nne zikazaa miaka kumi.

Najua pingamizi, maana baba amelitoa mwenyewe. Kama kuvunja mgomo ni faini tu, atakayeweza kuilipa ataingia darasani kila mara, na mgomo hautakuwa na meno. Ni hoja nzito. Lakini faini ya chama cha kuzikana haijawafanya matajiri waache kwenda misibani, kwa sababu uchungu wake hauko kwenye fedha. Uko kwenye kusimama mbele ya wenzako na kusema, “Sikuja.” Mwalimu wa Hesabu hakupewa nafasi ya kuisema sentensi hiyo. Alirudishiwa fedha ya chai. Aliadhibiwa bila kusikilizwa, na kwa kuwa hakusikilizwa, walimu wenzake hawakujifunza jambo ambalo chama kingepaswa kulijua: kwamba kwenye kikao chao kulikuwa na mikono iliyonyooshwa kwa hofu. Umoja uliohesabiwa kwa mikono ya namna hiyo ulikuwa umeshavunjika kabla ya Jumatatu.

Na lipo jambo lingine ambalo baba halipendi nikilisema. Mgomo wa 2012 haukuangushwa na mwanamke mmoja mwenye chaki. Ulisimamishwa na amri ya mahakama. Lakini mahakama iko mbali na serikali iko mbali zaidi. Huwezi kuinyima serikali salamu ya asubuhi. Anayeweza kunyimwa ni jirani, basi hasira iliyokusudiwa kwa wakubwa ikamtua yeye. Nadhani vinyongo vingi vya migomo viko hivyo. Tunamkumbuka aliyevuka kuliko aliyesababisha tugome, kwa sababu aliyevuka tunakutana naye kisimani.

Kule Nairobi mambo yalikwenda kwa mfano unaofanana na wetu. Marubani, kupitia chama chao cha KALPA, walidai pamoja na mengine michango ya mfuko wao wa akiba irejeshwe na walipwe mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona. Mahakama iliwaamuru warudi kazini bila masharti kufikia saa 12 asubuhi ya tarehe 9 Novemba. Mgomo uliodumu siku nne, kama wetu. Sheria za nchi zetu zinaeleza kwa urefu namna ya kuanza mgomo: upatanishi, kura, taarifa, siku za kusubiri. Mahakama nazo zinajua namna ya kuumaliza. Lakini hakuna jaji anayeweza kuwaamuru watu wawili wasalimiane. Kazi hiyo imeachwa kwetu, nasi tumeiacha kwa muda, tukidhani muda utaifanya. Muda hauifanyi. Muda unafanya kinyongo kiwe desturi.

Nilimwambia baba kwamba nimekwenda kwa Mwalimu. Nilimwambia na maneno yake yote, pamoja na lile la mkono. Alikuwa akinoa panga, akaendelea kunoa. Baada ya kitambo akauliza, “Siku zile aliwafundisha nini?”

“Faida na hasara.”

Alitoa sauti fupi ambayo sikujua ni kicheko au la. Kisha akasema, “Pale mtini nilikuona ukiandika. Nilitaka uandike. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.”

Hajawahi kusema zaidi ya hapo. Hajaenda kumwona. Lakini tangu siku ile sijamsikia tena akimwita msaliti. Anamwita Mwalimu, kama sisi wengine.

Mimi sasa ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na siku moja nitakaa kwenye kikao ambacho mtu atasema, “Wanaokubali tugome wanyooshe mikono.” Huenda nikanyoosha. Natumaini nitakuwa na ujasiri wa kukaa chini ya mti hadi mwisho, maana naamini bado kwamba anayeinuka anawaumiza wenzake. Ila kabla ya mikono kuhesabiwa nitaomba kuuliza: kati yetu hapa, wapo watakaoshindwa. Tuwasikilize wapi, walipe nini, na tutajuaje kwamba wamemaliza kulipa? Kikao kikiona swali hilo ni la woga, nitalirudia.