Kisogo cha Mwalimu

Mwalimu wa hadithi hii sitampa jina, wala shule yake sitaitaja. Nyacheki, huku Bobasi, watu wanajuana. Ukitaja mti tu, wataujua ni wa boma la nani. Itoshe kwamba alikuwa mwalimu hodari. Nalisema hili mapema kwa kuwa mikasa ya namna hii watu hupenda kumbandika mzembe, na mzembe hana la kutufunza. Huyu alikuwa akiingia gredi ya nne na kipande cha chaki, na watoto 58 wakanyamaza kabla hajafungua kinywa.

Kisha akaenda kuomba ufunguo wa stoo.

Stoo ile ilikuwa na tableti za serikali ya Kenya. Ahadi ya tarakilishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za mwaka 2013, zabuni ya kwanza ikafutwa, na mwaka 2016 ndipo vifaa vikaanza kushuka shuleni: tableti za wanafunzi, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta moja na kisanduku cha kuhifadhia masomo. Nchi nzima viligawanywa zaidi ya milioni moja. Shule zilitakiwa kuwa na stima na chumba chenye vyuma madirishani, na vyuma hivyo vilifanya kazi yake kupita kiasi. Mwizi alifungiwa nje, na mwanafunzi pia. Katika shule nyingi tableti zililala humo hadi vumbi likazizoea.

Mwalimu wetu hakupenda kuona mali ikilala. Alizipangusa, akazitia chaji usiku kucha, na kati ya zote akapata 24 ambazo bado zilikuwa zikiwaka. Siku ya pili, kipindi cha saa nane mchana, akaingia nazo darasani zikiwa ndani ya gunia safi la sukari. Somo lilikuwa sehemu za mmea. Alikuwa na video nzuri juu ya mizizi, shina na majani. Nje ya dirisha, hatua nne tu, palikuwa na mgomba.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo hata yeye hakulisikia likipita. Aligawa kwanza, akasema baadaye. "Chukueni, shirikianeni, msiguse kitu mpaka niwaambie." Mpe mtoto wa miaka kumi kitu kinachong'aa, kisha umwambie asikiguse! Kufikia safu ya tatu, safu ya kwanza walikuwa wamekwisha kupata saa, kikokotoo na mlio wa simu.

La pili lilikuwa projekta. Waya haukukubali. Aliuchomeka, akauchomoa, akapuliza tundu, akauzungusha. Ili kuona vizuri aliinama juu ya meza, akalipa darasa kisogo. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni dakika mbili. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja.

Katika dakika hizo, wavulana wa nyuma waligundua kamera. Kwenye dawati la pembeni palikuwa na msichana aliyesinzia, mmoja wa wale wanaoteka maji kabla ya kuja shule. Kichwa kilikuwa juu ya mkono, mdomo wazi, sweta limechanika kiwikoni. Mmoja akampiga picha. Haikuhitaji mtandao wowote kusambaa: tableti yenyewe ilisafiri chini ya madawati kama peremende, kila aliyeipokea akaziba mdomo kwa kiganja na kuisukuma mbele. Msichana aliamshwa na kicheko. Alipouona uso wake kwenye kioo aliinyakua tableti, wakavutana, ikaanguka sakafuni.

Hapo ndipo mvua ya mchana, ambayo katika milima hii ya Gusii haibishi hodi, ilipoangukia mabati. Radi ikapiga, stima ikapotea. Mwalimu akainua kichwa.

Alifanya alichokijua: alipaza sauti. Mabati yakaimeza. Mkono wake ukatafuta kile ambacho mikono ya walimu wa rika lake hutafuta, kisha ukakumbuka na kurudi mfukoni. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imelikataza jambo hilo kwa maandishi yasiyo na utata. Katika hilo namsifu. Lakini swali alilouliza mvua ilipopungua lilikuwa baya kuliko fimbo.

"Nani amevunja mali ya serikali?"

Vidole 57 vikamwelekea msichana.

Akaambiwa asirudi bila mzazi. Kwa siku tatu hakurudi kabisa. Mwalimu alizitumia siku hizo akimwandikia mwalimu mkuu maelezo juu ya kioo: upana wa ufa, bei ya kukadiria, nani alaumiwe. Juu ya picha hakuandika neno, kwa kuwa hakujua ipo. Alikuwa na macho ya kutosha darasani siku zote, ila siku hiyo yalikuwa kwenye tundu la waya.

Siku ya nne akaja nyanya ya msichana, na mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Karibu, Omong'ina. Keti hapa," mwalimu akasema, akimwita bibi mzee kwa Kigusii na kumvutia kiti.

"Sitaketi, Mwalimu. Nimekuja kuuliza neno moja. Mjukuu wangu anasema uso wake uko ndani ya kile kitu chenu. Mtautoa lini?"

Walifungua stoo. Ile tableti iliyopasuka ilikuwa bado ina chaji kidogo. Chini ya ufa, msichana alikuwa bado amelala, na baada yake kulikuwa na picha nyingine tisa: viatu vya mtu, sketi, kisogo cha mwalimu mwenyewe akiwa ameinama. Akaifuta ile ya msichana. Nyanya, ambaye nadhani hajawahi kumiliki simu isiyo ya vibonyezo, akainama karibu.

"Umeifuta, au umeikunja tu?"

Mwalimu akaingia kwenye pipa la taka la tableti, akaikuta humo, akaifuta tena. Kisha akazifuta zote tisa.

Watu hudhani mambo haya ni ya mijini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtoto, picha yake ikiwemo, hazishughulikiwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila kuwauliza wazazi. Sisemi mzaha wa wavulana wa gredi ya nne ni sawa na tangazo la shule. Nasema mtu mzima aliyekuwa ndani ya chumba kile alikuwa mmoja tu.

Aliyemsaidia mwalimu wetu hakuwa afisa wa tarakilishi. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mama aliyefundisha zaidi ya miaka 20, ambaye mpaka leo hubonyeza herufi za simu kwa kidole kimoja. Aliyasikiliza yote majilisini huku akimenya chungwa, kisha akamuuliza: "Mwalimu, ukiandika ubaoni, huandika sentensi nzima bila kugeuka?"

"La, Mama. Nusu, kisha nageuka."

"Basi siku hiyo nani alikukataza kugeuka?"

Kwangu mimi, swali hilo linapita semina nyingi. Mafunzo aliyopewa mwalimu yule yalimwonyesha pa kubonyeza ili kifaa kiwake. Hayakumwambia kwamba kifaa kikiwaka, mtu wa kwanza kitakayemnyang'anya darasa ni mwalimu.

Wiki iliyofuata naibu alikiomba kipindi kile. Alibandika plasta nyuma ya kila tableti na kuipa nambari. Nambari hizo akaziandika daftarini pamoja na majina ya wawili au watatu wanaoshika, ili picha ikionekana ijulikane ilitoka mikononi mwa nani. Kazi aliiandika ubaoni kwanza, kwa chaki, akawasomesha kwa sauti, akamtaka mmoja aieleze kwa maneno yake. Kisha, na hapa walimu vijana walicheka, akawafunza kutii amri kwa kutumia vitabu: akisema "Kioo chini!" kila kitabu kinafunikwa na mikono inakaa mapajani. Walirudia mara sita. Tableti zenyewe zilikuwa bado guniani.

Projekta aliiacha stoo. Alikuwa amegundua jambo ambalo mwenzake, katika hofu yake, hakuliona: siku ile stima ilipopotea, kilichokufa ni projekta peke yake. Tableti zilikuwa na chaji. Somo lilikuwa hai mikononi mwa watoto.

Na hakusimama mbele. Alikwenda nyuma ya darasa, kwa kuwa mtu wa mbele huona nyuso, na mtu wa nyuma huona vioo.

Kamera nayo hakuifunga, aliipa kazi. Aliwatoa nje hadi kwenye ule mgomba, kila kundi lilete picha tatu: jani, shina, ua. Mtoto mmoja akabandua gamba, akakuta gamba jingine, akabandua tena, akauliza shina liko wapi. Liko ardhini, akaambiwa. Hayo unayoyabandua ni mashikio ya majani yaliyokumbatiana. Ile video, nimeitazama, haina habari hiyo.

Si kwamba mambo yalinyooka. Tableti tatu zilizima njiani. Kundi moja lilileta picha sita za ng'ombe wa jirani. Amri ya "Kioo chini!" ilihitaji kurudiwa mara mbili waliporudi ndani. Lakini kengele ilipolia, tableti 23 zilikuwa mezani, nambari zikaitwa, gunia likafungwa.

Mwalimu wetu alikaa dawati la nyuma kipindi kizima, daftari mkononi. Msichana yule alikuwa amerudi. Alibeba penseli, akachora mgomba kwa mkono. Kamera hakuigusa siku hiyo, wala wiki iliyofuata.