Angalia Tarehe ya Risiti

Masomo: Mwanzo 15:1–6, Matendo 10:44–48, Warumi 4:9–12, Yakobo 2:14–26

Jumapili muda ulituishia na ujumbe ukakatikia njiani, kwa hivyo wacha niuandike hapa wote, pamoja na majibu ya yale maswali mlinifuata nayo pale nje baada ya ibada. Wengi mliuliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mtu anaokoka lini hasa? Ni pale anapoamini, ni pale anapotoka majini, ama ni siku ile Mungu atapima matendo yake na kusema huyu ametosha?

Na hili si swali la wanafunzi wa chuo cha Biblia peke yao. Kuna dada mmoja hapa kwetu (amenikubalia nisimulie bila jina) ambaye kaka yake aliugua kwa miezi mingi. Kaka huyu hakuwa mtu wa kanisa. Wiki zake za mwisho, akiwa amelazwa, aliomba aombewe, akatubu, akamkiri Yesu kwa kinywa chake mwenyewe, mama yake akisikia. Mpango ulikuwa abatizwe akitoka hospitalini. Hakutoka. Sasa kwenye matanga, mbele ya mama mzazi, jamaa mmoja akasema kwa sauti kwamba ni huzuni mara mbili, kwa sababu kijana amekufa bila ubatizo na Biblia iko wazi. Dada akanijia: "Pasta, nimwambie mama nini?"

Singeweza kumjibu kwa maneno ya kumpoza tu. Kama Biblia inasema maji ndiyo mlango, mimi pasta sina ruhusa ya kuwapitisha watu dirishani. Kwa hivyo tufungue Neno.

Tuanze na baba yetu Ibrahimu. Mnajua nilisomea mambo ya biashara kabla ya kuingia huduma, na kitu kimoja walimu wa hesabu walitufundisha ni kwamba kabla hujabishana juu ya kiasi, angalia tarehe. Mtu akikuletea risiti na kusema pesa hizi ndizo zilizonunua shamba, lakini ukikagua unapata hati ya shamba ilitoka miaka 13 kabla ya hiyo risiti, utamwambia: ndugu yangu, pesa hizi huenda zilifanya kazi nyingine nzuri, lakini shamba hazikununua.

Hivyo ndivyo Paulo anavyobishana katika Warumi 4. Watu wa wakati wake walisema, huwezi kuhesabiwa mwenye haki bila tohara. Paulo hapigi kelele. Anauliza tu: Ibrahimu alihesabiwa haki lini, kabla ya kutahiriwa ama baadaye? Hebu fungua Mwanzo uhesabu mwenyewe. Sura ya 15, Ibrahimu anaangalia nyota, anamwamini Bwana, na Mungu anamwandikia haki hapo hapo. Sura ya 16, Ishmaeli anazaliwa, Ibrahimu ana miaka 86. Sura ya 17, Ibrahimu anatahiriwa akiwa na miaka 99, na Ishmaeli siku hiyo ni kijana wa miaka 13. Piga hesabu. Haki iliandikwa zaidi ya miaka 13 kabla ya kisu kuguswa. Paulo anasema tohara ilikuwa ishara na mhuri wa kitu ambacho Ibrahimu tayari alikuwa nacho.

Mtu atasema, Pasta, hiyo ni tohara, sisi tunaongea maji. Sawa. Twende Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio.

Wengi tukitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza kuokolewa bila ubatizo tunakimbilia yule mwizi msalabani. Ni mfano mzuri, naupenda, lakini ukibishana na mtu anayejua Maandiko atakujibu kwamba mwizi alikufa kabla Yesu hajafufuka na kutoa agizo la ubatizo. Kornelio hana tatizo hilo. Hii ni baada ya Pentekoste, kanisa limeshaanza, Petro mwenyewe yuko pale anahubiri. Katika mstari wa 43 Petro anasema kila amwaminiye Yesu anapata msamaha wa dhambi kwa jina lake. Na kabla hajamaliza mahubiri, kabla ya mwito wa kuja mbele, Roho Mtakatifu anawashukia wote wanaolisikia neno. Wananena kwa lugha, wanamtukuza Mungu. Hakuna aliyeguswa na tone la maji.

Sisi ni Wapentekoste, hapa inabidi tusimame kidogo. Je, Mungu anaweza kumjaza Roho wake mtu ambaye bado hajamsamehe? Katika Matendo 15 Petro anapowaeleza wazee kule Yerusalemu mambo ya siku hiyo, anasema Mungu aliwasafisha mioyo kwa imani. Kwa imani, na maji yakafuata.

Kwa hivyo nilimwambia yule dada: nenda ukamwambie mama kwamba kijana wake alifanya lile jambo ambalo Mungu analiandikia haki. Alimwamini Mwana. Alichokosa ni siku za kutii, na Mungu ndiye alijua siku zake zimebaki ngapi.

Lakini Marko 16:16 je? Si Yesu anataja kuamini na kubatizwa pamoja? Ndiyo, anataja. Sasa soma nusu ya pili polepole. Anayehukumiwa ni nani? Ni yule asiyeamini. Yesu hakusema asiyebatizwa atahukumiwa. Na Matendo 2:38, pale Petro anapowaambia watubu na kubatizwa? Geuza ukurasa mmoja, Matendo 3:19, Petro yule yule anahubiri hekaluni, anawaambia watubu na kumrudia Mungu ili dhambi zao zifutwe, na maji hayatajwi. Kama maji ndiyo yanayofuta dhambi, basi siku hiyo mtume alisahau injili katikati ya mahubiri. Nawaheshimu ndugu zetu wa makanisa mengine wanaoshikilia kwamba bila maji hakuna wokovu, wengine ni majirani zangu na ni watu wa maombi kweli. Lakini hapo siwezi kuwafuata.

Na usifikiri haya ni mabishano ya mbali. Hapa kwetu ubatizo umebebeshwa mizigo mingi. Wazee wetu wengi walibatizwa shuleni kwa wamishenari wakapewa jina, na mpaka leo tunaliita jina la ubatizo, liko kwenye kitambulisho. Wengine jina lilibaki na Yesu hakuwahi kuingia. Ndiyo sababu ule uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 na kuvuka mpaka Kenya, uliwatikisa watu waliokuwa tayari wamebatizwa na wameketi kanisani. Waliulizwa swali rahisi tu: umeokoka? Na sisi wa maji mengi tusiwacheke. Kuna mtu hapa mjini amezamishwa mara tatu, kila akihama kanisa anaambiwa ule wa kwanza haukushika. Mtu kama huyo ukimuuliza tumaini lake liko wapi anakuonyesha vyeti.

Sasa, kuna mwingine amesoma mpaka hapa na amefurahi kwa sababu isiyo nzuri. Anasema, kumbe maji si lazima! Nimeshaamini, nimetulia.

Rudi kwa Kornelio, hujamaliza sura. Petro alipoona Roho amewashukia, hakusema basi hawa wameshapata, maji ya nini. Alisema kinyume: nani anaweza kuwazuia hawa wasibatizwe? Akaamuru wabatizwe. Kwa Petro, kuokolewa tayari ndiyo sababu ya kuingia majini. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 aliona maji njiani akasimamisha gari la farasi siku hiyo hiyo. Mlinzi wa gereza kule Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka, Paulo akamjibu amwamini Bwana Yesu, na usiku ule ule, kabla hata ya kuandaa chakula, alikuwa ameshabatizwa yeye na nyumba yake. Katika Matendo sioni muumini aliyekaa miaka mitano akifikiria.

Hapa kwetu wapo. Nawajua, na nawapenda. Wengine wanaogopa wakwe. Wengine wanasema nikijipanga kwanza, nikiacha hiki na kile, ndipo nitaingia majini nikiwa safi. Umeona vile imani ya matendo imekurudia kwa mlango wa nyuma? Umeufanya ubatizo kuwa mahafali, na ni watu wa kwanza darasani pekee wanaovaa joho. Ubatizo ni kaburi, soma Warumi 6. Na kaburini haendi mtu aliyejipanga, anaenda mtu aliyekufa. (Darasa letu la wiki sita ni zuri na sitaki mtu aliruke, lakini ni la kukufundisha, si la kukuchuja.)

Tukija kwa matendo, lazima tuwe wakweli juu ya Yakobo. Ukitafuta katika Biblia mahali maneno "imani" na "peke yake" yanakaa pamoja, utayapata Yakobo 2:24, na pale Yakobo anasema hapana, haitoshi! Martin Luther ilimsumbua sana. Alipochapisha Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522, katika Warumi 3:28 aliongeza neno "tu" baada ya imani, na katika utangulizi akaulinganisha waraka wa Yakobo na majani makavu. Nadhani mzee wetu alikasirika mapema. Makanisa yalizozana juu ya jambo hili mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, ndipo Walutheri na Wakatoliki wakaketi Augsburg, Ujerumani, wakatia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Hawajamaliza tofauti zote. Lakini hilo walilikubali.

Tumia tena ile dawa ya tarehe. Paulo anasoma Mwanzo 15, Ibrahimu na nyota. Yakobo anasoma Mwanzo 22, Ibrahimu na Isaka juu ya madhabahu. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100, na siku ya kupanda mlima alikuwa kijana wa kubeba kuni. Ni miaka mingi sana baada ya zile nyota. Mmoja anaeleza haki iliingiaje kwenye daftari. Mwingine anaeleza mkaguzi alipokuja alikuta nini. Mkaguzi wa hesabu haleti faida kwenye kampuni, lakini akija asikute kitu, basi ile faida ilikuwa ya kwenye karatasi.

Mmewahi kuona kampuni ya namna hiyo? Vitabu vinaonyesha faida, mkurugenzi anaongea vizuri kwenye mkutano, lakini mwisho wa mwezi mishahara hakuna. Huo ndio mfano wa Yakobo mwenyewe, 2:15–16: ndugu hana nguo, hana chakula cha leo, na wewe unamwambia aende kwa amani akaote moto na kushiba. Kwa kinywa umempa, kwa mkono hujampa. Imani ya hivyo Yakobo anaiita maiti, na maiti haikufi kwa kukosa kula, imeshakufa tayari.

Lakini kuna kosa lingine, na hili ndilo linawaua watu wa kanisa letu wanaojituma. Tunaichukua neema kama mkopo wa HELB. Mungu amenilipia, asante sana, sasa nimeanza kazi na kila mwezi nakatwa. Ukikosa kufunga, umechelewesha malipo. Ukikosa fungu la kumi mwezi ambao mtoto alilazwa, unahisi riba inapanda mbinguni. Mama anahudumu jikoni kila Jumapili, amechoka, mgongo unauma, na ukimuuliza kwa nini hapumziki anasema, "Mimi Mungu amenitendea mengi, ni lazima nilipe." Mama yangu, wokovu ni basari. Hakuna karatasi ya marejesho uliyotia saini. Waefeso 2:8–9 inafunga kabisa mlango wa kujisifu, na mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo tufanye matendo mema aliyoyaandaa Mungu mwenyewe. Hata kazi yenyewe ameiandaa yeye. Pika kwa sababu unapenda watu wa Mungu washibe. Na ukichoka, sema, kuna vijana wanaweza kuosha sufuria.

Wale mliouliza kama mrudie ubatizo: ikiwa ulizamishwa ukiwa umeamini, hatutakurudisha majini kwa sababu umehamia kwetu. Ikiwa ulibatizwa kabla hujamwamini Yesu, njoo tuongee kwanza. Na wale mnaoishi pamoja bila harusi mnaodhani mmefungiwa nje, nipate ofisini Jumatano baada ya saa nane, mje wote wawili. Jambo lenu linazungumzika.

Ubatizo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Jiandikishe kwa katibu. Leta nguo nzito isiyoonyesha ikilowa, nguo za kubadilisha na taulo. Maji ni baridi, msitegemee heta.