Mtumishi na Ajifunze Kwanza

Kijana wa chuo akienda nchi ya mbali kuwatumikia watu kwa ajili ya Kristo, je, nia njema yamtosha? Twadhani haimtoshi.

Albert Schweitzer alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 alipokusudia, mwaka 1896, kwamba akitimiza miaka 30 atajitoa kuwatumikia watu. Mwaka 1904 alisoma katika gazeti la misheni ya kuwa kazi ya Gabon yahitaji watenda kazi. Naye, ajapokuwa mwalimu wa chuo kikuu na mhubiri, alirudi kuketi pamoja na wanafunzi ajifunze utabibu, maana alisikia taabu za wagonjwa wa huko. Alifika Lambaréné mwaka 1913.

Walakini hata yeye aliandika kwamba yu ndugu wa Mwafrika, lakini ndugu mkubwa. Neno hili latuchoma. Dawa alijifunza miaka mingi; kuwa mdogo mbele ya mwenyeji wake hakujifunza.

Nasi tusimhukumu upesi. Mwalimu atumwaye kijiji kigeni, je, hajioni mkubwa vilevile? Bwana wetu hakuwaosha wanafunzi wake miguu akiwa amesimama; aliinama.